PSA 14 baada ya kuwekewa mpira wa mkojo

Pole sana kwa mzee wenu, ambaye mkojo uliziba akawekewa mpira, na sasa mnauliza kama PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) inaonyesha saratani. PSA ya 14 iliyopimwa siku mbili baada ya mkojo kuziba haitoshi kusema ana saratani. Mkojo ukifunga PSA hupanda, na mpira au maambukizi huipandisha zaidi. Kama kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa hakikukuta tezi dume ngumu wala yenye vinundu, rudieni kupima PSA wiki 6 hadi 8 baada ya maambukizi kuisha. Akiwa na vinundu, au maumivu ya mifupa yasiyokwisha, msisubiri.

Mpira nao msiharakishe kuutoa. Tamsulosini 0.4 mg, dawa ya kulegeza misuli ya tezi dume na shingo ya kibofu, apewe angalau siku 2 au 3 kwanza, anywe dakika 30 baada ya mlo uleule kila siku. Akiinywa na njaa presha hushuka na anaweza kuanguka akisimama. Akija kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari wa macho lazima ajue anaitumia. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini asiziguse kabisa, hubana shingo ya kibofu na mkojo utafunga tena. Ameanzishwa finasteridi (dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi dume)? Baada ya miezi 6 hivi hushusha PSA karibu nusu, kwa hiyo PSA ya 4 isomeni kama 8.