Anatomia, mikrobiolojia au kemia: lipi gumu zaidi kabla ya uuguzi?

Mdogo wangu, umeuliza kati ya anatomia na fiziolojia (muundo wa mwili na jinsi unavyofanya kazi), mikrobiolojia (somo la vijidudu) na kemia, lipi litakutoa jasho kabla ya kuomba nafasi ya uuguzi hapa Marekani. Nimeyapita yote huku nikipiga zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kwangu, anatomia na fiziolojia ya kwanza, maana somo hili lina sehemu mbili, ndiyo iliyonikamua.

Si kwamba haieleweki, ni wingi wake. Mifupa 206, na kila mmoja una vishimo na vinundu vyenye majina ya Kilatini. Mtihani wa maabara ulikuwa hivi: meza zimepangwa, kila meza ina mfupa uliobandikwa kibandiko, una dakika moja, kengele inalia, unasogea. Nilikuta mfupa wa kiganja nikaandika wa unyayo! Ya pili, yenye moyo, figo na homoni, inataka kuelewa kuliko kukariri, na hiyo niliipenda.

Mikrobiolojia watu wanaiogopa bure. Ukishaona mwenyewe kwenye darubini bakteria waliotiwa rangi kwa njia ya Gram, inayowagawa makundi mawili, wale wa Gram chanya wamebaki zambarau na wa Gram hasi wamegeuka waridi, mambo mengi yanakaa kichwani yenyewe. Kemia ni hesabu zako tu. Kama sekondari moli (kipimo cha kiasi cha dutu) hazikukusumbua, ni mteremko.

Ila anatomia na kemia usizibebe muhula mmoja kama unafanya kazi. Mimi nilijaribu, nikaambulia C, na ushindani wa nafasi unavyobana, ikabidi nirudie.