Ndimu, wembe na madoa meusi ya shingoni

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha, na sheria ya kazini ni kunyoa ndevu kila siku. Shingoni na chini ya kidevu natoka vipele vigumu vinavyowasha, vingine vina usaha, na vikipona vinaacha madoa meusi. Kinyozi hunipaka spiriti, na nyumbani najipaka ndimu halafu mafuta ya nazi. Sitaki kemikali, nataka vitu vya asili. Nitumie nini na kwa namna gani? Na haya madoa yatatoka?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kabla hatujafika kwenye vya kupaka, hiyo ndimu itoe bafuni leo hii, irudi jikoni kwenye kachumbari. Ukali wake ni pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, ukali unapanda) ya karibu 2, wakati ngozi yenye afya hukaa karibu 5, kwa hiyo unapoipaka juu ya ngozi iliyotoka kukwaruzwa na wembe unaichoma mara ya pili. Halafu maji ya ndimu na maganda yake yana kampaundi ziitwazo furokumarini. Zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga, huunguza. Mtu aliyekamua ndimu nyingi akakaa juani anaweza kutoka malengelenge mikononi baada ya siku moja au mbili, na yakikauka yanaacha weusi wa miezi. Sehemu ya madoa unayoyalalamikia huenda umeyatengeneza mwenyewe, kila asubuhi, kwa nia njema.

Sasa vipele. Watu watakwambia ni damu chafu, au ni uchafu wa kinyozi. Kinyozi tutarudi kwake, lakini kipele chako hakianzi na uchafu, kinaanza na unywele wako mwenyewe. Unywele wetu wa kipilipili hauoti kwenye tundu lililonyooka. Shina lenyewe limepinda chini ya ngozi, na unywele ukitoka huendelea kujikunja. Wembe ukiupitia unauacha na ncha kali ya mshazari. Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, unywele unatoka nje, unajipinda, na kurudi kutoboa ngozi milimita moja au mbili pembeni ya ulipotokea. Ya pili ni ile ya wembe wa kukwangua mpaka kidevu kinang'aa: unywele unavutwa, unakatwa, unarudi ndani chini ya usawa wa ngozi, na unapoanza kukua unatoboa ukuta wa tundu lake kabla hata haujaona mwanga. Kwa njia zote mbili, mwili unauhesabu kama mwiba. Unavimba, unawasha, unaita chembechembe nyeupe za damu, na hapo ndipo usaha unapotokea hata bila bakteria yeyote.

Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Wenye unywele uliojikunja zaidi huteseka zaidi, na lipo badiliko dogo kwenye jeni iitwayo KRT75, inayohusika na keratini (protini inayojenga unywele) ya tabaka linalouzunguka unywele ndani ya tundu lake, ambalo limeonekana kuongeza uwezekano wa tatizo hili takriban mara sita. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huogi vizuri.

Ukishaelewa hilo utaona kwa nini nimekataa kuanza na mafuta. Hakuna jani, asali wala siagi inayoweza kuuzuia unywele uliochongwa usitoboe ngozi. Kinachouzuia ni urefu wake. Ukiacha ndevu zikiwa na urefu wa karibu milimita moja, ncha haiwezi kuzama chini ya ngozi, na ukizipunguza tena kabla hazijawa ndefu, hazipati nafasi ya kujipinda na kurudi. Milimita moja ndiyo dawa yenyewe. Hayo mengine ni ya kutuliza.

Kama una likizo karibu, itumie. Usinyoe kabisa kwa wiki nne. Ndevu hukua kwa wastani wa karibu theluthi moja ya milimita kwa siku, kwa hiyo mwezi ukiisha zimefika sentimita moja hivi, na kwa urefu huo nywele zilizonasa hujifyatua zenyewe kama springi. Wiki ya kwanza vipele vinaweza kuongezeka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudia wembe. Vumilia. Baada ya hapo nunua mashine yako mwenyewe, hata ya betri, uipitishe kila baada ya siku mbili au tatu. Kile kichana kidogo cha plastiki kilichoandikwa namba moja huacha karibu milimita tatu, ambazo msimamizi wako huenda asizipende. Kilichoandikwa nusu huacha milimita moja na nusu. Mashine isiyo na kichana, ukiishika kwa wepesi bila kuikandamiza, inafika kwenye ile moja tunayoitaka. Usimruhusu mtu aibonyeze ile mashine ya kuchonga ndevu mpaka ngozi ichubuke; huo ni wembe uliovaa koti la umeme.

Lazima uwe laini kabisa? Basi wembe uwe wa makali mamoja, mpya, na unyoe baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, si kabla. Lowesha ndevu, paka povu au sabuni ya kunyolea na usubiri dakika mbili tatu, maana unywele uliolowa hukatika kwa ncha butu zaidi. Nyoa kuufuata unywele ulikoelekea. Shingoni ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu ndevu za pale hazina adabu, nyingine zinapanda, nyingine zinalala pembeni. Acha ziote siku mbili, pitisha kidole kila upande, utajua zimelalia wapi. Mkato mmoja, mfupi, bila kukandamiza, bila kurudia, na bila kuivuta ngozi kwa mkono mwingine. Hilo la kuvuta ngozi tunalifanya wote kwa mazoea, na ndilo linalouzamisha unywele ndani. Wembe wenye makali matatu au manne nao una tabia hiyohiyo, wa mbele unavuta na wa nyuma unakata.

Ile poda ya kuchanganya na maji, yenye harufu ya yai viza, huyeyusha unywele badala ya kuukata, na wengine inawafaa sana kwa sababu inaacha ncha laini. Lakini nayo ni kali. Ijaribu kwanza ndani ya mkono, usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na usiipake juu ya vipele vilivyochubuka.

Usiku, chukua taulo safi lililochovywa kwenye maji ya uvuguvugu, lilaze shingoni dakika tano, halafu lizungushe taratibu. Mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo nao unafaa. Ukiona unywele umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, uinue kwa ncha ya sindano iliyofutwa kwa spiriti, kisha uache hapohapo. Usiung'oe. Ukiung'oa, unaofuata utaotea ndani.

Tuje kwenye vya asili ulivyouliza, maana vipo ninavyovipenda. Mshubiri, ambao siku hizi wengi tunauita alovera, unatuliza vizuri ngozi iliyonyolewa. Kata jani, lisimamishe dakika kumi na tano ule utomvu wa njano umwagike, kwa sababu utomvu huo huwasha. Tumia ile nyama ya ndani iliyo wazi kama maji, uipake ikiwa mbichi, ukae nayo dakika kumi, uoshe. Asali safi, tabaka jembamba kwa robo saa, inafaa mara mbili tatu kwa wiki kwenye vipele vyenye usaha, kwani huvuta maji na kuzuia bakteria. Kwa mafuta, nitakushangaza kidogo: badala ya nazi, ningependa ujaribu alizeti iliyokamuliwa bila kupikwa, ya aina wanayouza kwenye chupa barabarani Singida. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi huitumia kujenga ukuta wake wa nje. Nazi si sumu, lakini kwa wenye ngozi ya mafuta huziba vitundu, na kitundu kilichoziba ndicho unywele unachoshindwa kutokea. Siagi ya shea, ile inayotoka kaskazini mwa Uganda, ni nzuri kwa ngozi kavu. Matone mawili matatu ya mafuta yanatosha shingo nzima, ngozi ikiwa bado ina unyevu.

Manjano na liwa waachie maharusi. Kwenye ngozi nzima sina ugomvi navyo, kwenye vipele unavisugua tu vizidi kuvimba. Utomvu wa papai bichi unachubua. Magadi ni kinyume cha ndimu na ni mabaya vilevile. Dawa ya meno, hapana. Shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, linakausha damu ya mkato mdogo na hapo kazi yake imekwisha. Usilitumie pamoja na mtu mwingine.

Chochote utakachochagua, kipake kwanza nyuma ya sikio kwa siku mbili. Upupu nao ni wa asili.

Nalisema hilo kwa sababu ya neno lako, kemikali. Duka la dawa lina vitu vitatu ambavyo ningekuwa wewe nisingevikimbia. Asidi ya salisiliki ilianzia kwenye dawa ya magome ya mti. Asidi ya glikoliki imo kwenye miwa. Na asidi ya azelaiki imo kwenye ngano na shayiri, na hata vijifangasi vinavyoishi juu ya ngozi yako huitengeneza. Hii ya tatu ndiyo ningekuandikia wewe, krimu ya asilimia 15 au 20, kwa sababu inatuliza vipele na kupunguza madoa kwa wakati mmoja bila kuibabua ngozi. Wiki za mwanzo inaweza kunyonyota kidogo. Anza kwa kuipaka usiku, siku moja unapaka, moja unapumzika.

Sasa madoa. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa, chembe zinazotengeneza rangi hutaharuki na kumwaga rangi nyingi mahali pale. Rangi ikibaki juu, doa ni la kahawia na hufifia kwa miezi sita mpaka kumi na mbili. Ikizama chini, doa huonekana la kijivu kama rangi ya bunduki, na hilo linaweza kukaa miaka. Lakini hesabu ya miezi inaanza siku kipele cha mwisho kilipokoma, si siku ulipoanza kupaka krimu. Ndiyo maana watu wanapaka mwaka mzima na doa liko palepale, kumbe kila wiki wanaliwekea jipya juu yake.

Jua nalo huyakoleza. Watu weusi tumezoea kusema losheni ya jua ni ya Wazungu na ya wenye ualbino. Kwa saratani ya ngozi hatari yetu ni ndogo kweli, lakini kwa madoa siyo hivyo, kwani hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho hukoleza rangi kwenye ngozi nyeusi. Tafuta yenye oksidi ya zinki pamoja na oksidi ya chuma, ile yenye rangi ya kahawia, ambayo haikuachi na uso wa majivu. Mjini Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya jua iitwayo Kilisun, lakini hiyo ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na ni haki yao. Wewe nunua nyingine.

Mkorogo usiuguse. Vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania, na bado vipo madukani. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila usimamizi inaweza kuleta weusi wa kudumu wa rangi ya buluu, palepale ulipotaka pawe peupe. Kuna na ule mtego wa krimu za steroidi, betamethasoni na klobetasoli, zinazouzwa kama krimu ya chunusi. Wiki ya kwanza utaniona mimi mjinga, maana shingo itakuwa laini kama ya mtoto. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na vipele vinarudi na wenzao.

Kwa kinyozi, spiriti aipake kwenye mashine, si kwenye shingo yako. Wembe aufungue mbele ya macho yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili angalau siku saba, kwa hiyo kufuta kwa kitambaa hakusaidii kitu.

Muone daktari ana kwa ana kama vipele vinauma na una homa, kama makovu yanavimba na kuwa magumu, kama duara lenye magamba linatanuka, maana hilo linaweza kuwa fangasi, au kama vipele viko kisogoni. Vya kisogoni ni ugonjwa mwingine na vikiachwa huota makovu makubwa. Leza ya kuondoa nywele pia ipo, ya mawimbi ya nanomita 1064 ndiyo salama zaidi kwa rangi yetu, ila bei yake si ya mshahara wa mapokezi. Na dada anayesoma hapa kwa sababu ya makwapa au kinena: ni unywele uleule na kanuni zilezile. Ila kama zinakuota ndevu na hedhi imevurugika, anzia kwa daktari, si kwa wembe.

Kilichobaki ni msimamizi wako. Mwombe daktari wa hospitali iliyo karibu nawe akuandikie barua kwamba una ugonjwa wa ngozi unaohitaji ndevu za milimita moja. Hata majeshi ya Marekani kwa miaka mingi yalitoa vibali vya namna hiyo kwa askari wao, kabla ya kubana masharti mwaka 2025. Akisita, mwambie asimame upande wa pili wa kaunta, pale anaposimama mgeni, akutazame kidevu. Kwa umbali ule milimita moja haionekani. Vipele vinaonekana.