Transfoma Ambayo Haipo Dukani

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Tanga. Alipofariki, mimi nilirithi kopo la biskuti, na ndani yake, zikiwa zimeviringishwa kwenye gazeti, valvu tatu: EL84 mbili na ECC83 moja. Kama hujawahi kuiona valvu, ni kichupa cha kioo kinachopata moto na kung'aa kwa ndani, na zamani ndicho kilichofanya kazi ambayo leo inafanywa na transista. Nikasema basi, nitatengeneza amplifaya ndogo ya stirio kwa kumbukumbu ya mzee. Soketi, kapasita na rizista hazikunisumbua. Transfoma ya umeme, kile chuma chenye koili za waya kinachobadilisha volti za ukutani kuwa volti unazotaka, ndiyo iliyonitoa jasho miezi saba.

Kariakoo transfoma zimejaa, lakini ni za volti 6, 9, 12 na 24. Valvu zina mambo yake: zinataka volti 6.3 za kuwasha nyuzi za ndani, na hapohapo zinataka kama volti 250 za DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, za kufanyia kazi. "Sita pointi tatu?" muuzaji mmoja alicheka. "Kaka, sita ipo. Hiyo pointi tatu umeitoa wapi?"

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutembea na namba ya transfoma niliyoikuta kwenye mchoro wa zamani wa Uingereza. Namba ile haikumwambia mtu yeyote chochote. Kaa chini kwanza, uandike saketi yako inakula nini. Yangu ilikuwa hivi: nyuzi za EL84 zinakula ampea 0.76 kila moja na za ECC83 zinakula 0.3, jumla 1.82, kwa hiyo andika 2. Upande wa volti kubwa, valvu zote tatu zinakula kama miliampea 110 za DC. Ukipitisha volti 200 za AC, umeme wa aina ya ukutani, kwenye daiodi nne na kapasita ili ziwe DC, unapata 280 hivi bila mzigo, na mzigo ukiingia zinashuka kuelekea 250. Hapa wengi huteleza: kapasita humeza umeme kwa mafunda, haivuti polepole, kwa hiyo zile miliampea 110 zizidishe kwa 1.8 kabla ya kumtajia mtu. Mimi niliandika ampea 0.2. Mara volti 200 ni VA 40 (VA ni volti mara ampea), ongeza 13 za nyuzi, jumla VA 53. Kuanzia siku niliyoshika karatasi hiyo, mafundi walianza kunisikiliza.

Kuagiza nje kunawezekana. Ila transfoma ni chuma na shaba tupu, na mizigo hutozwa kwa kilo, kwa hiyo jumlisha nauli na ushuru kabla hujaifurahia bei ya kwenye tovuti.

Mitumba nayo ina mitego. Duka moja liliniuzia transfoma nzuri, nzito, iliyotoka kwenye mashine chakavu, na muuzaji akaapa ni ya 220. Nilikuwa na mazoea mazuri ya mjomba: kitu usichokijua kipitishie kwenye balbu. Unaunga balbu ya wati 60, ile ya zamani ya waya, mfululizo na transfoma, halafu ndipo unachomeka. Transfoma nzima ikiwa haina mzigo, balbu huwaka kidogo sana au haiwaki kabisa. Yangu iliwaka kama ya sebuleni. Kumbe ilikuwa ya volti 120 na hezi 60, na hapa kwetu ni 230 na 50. Bila ile balbu ningekuwa nimechoma koili na pengine fyuzi za nyumba. Vifaa kutoka Japani viangalie vilevile, kwa sababu kule wanatumia volti 100.

Ya maikrowevu iache hapohapo ilipo. Inatoa takriban volti 2,000, ncha moja ya koili hiyo imeungwa na chuma chenyewe, na ina nguvu za kutosha kuua papo hapo. Hiyo sijadili na mtu.

Nilipochoka kuzunguka nikaenda Gerezani kwa mafundi wanaosuka mota. Kwenye skrepa nilikuwa nimepata stabilaiza iliyokufa, nikachukua chuma chake. Ulimi wa katikati ulikuwa sentimita 3 kwa 3, yaani sentimita za mraba 9. Kwa umeme wa hezi 50 na chuma cha kawaida, chukua 37.5 ugawanye kwa eneo hilo, unapata mizunguko 4.2 kwa kila volti. Hivyo upande wa 230 ni mizunguko 966. Upande wa pili unaongeza asilimia 5 kufidia upotevu: 882 kwa volti 200, na 28 kwa zile 6.3. Waya ni milimita 0.35 kwa koili mbili kubwa na milimita 1 kwa nyuzi.

Fundi wa kwanza alisuka vizuri sana. Ila wakati wa kurudisha mabati membamba yanayounda kile chuma alipanga yenye umbo la E yote upande mmoja na ya I yote upande wa pili, kama mtu anayefunga sanduku. Tulipoichomeka ilinguruma mpaka meza ikatetemeka, na dakika kumi baadaye haishikiki. Ule mwanya mwembamba kati ya E na I unaifanya ivute umeme mwingi hata ikiwa haina mzigo. Mabati yanapaswa kupishana, E moja inatazama kushoto, inayofuata kulia. Pia hakuweka kitu cha maana kati ya koili ya 230 na nyingine.

Fundi wa pili, mzee wa makamo, nilimwamkia, nikampa karatasi yangu. Aliisoma mara mbili. "Mota ikipata moto inajipepea yenyewe," akasema. "Hii itajipepea na nini?" Akaongeza unene wa waya kidogo, akaweka tabaka tatu za ile karatasi ngumu wanayovalisha ndani ya mota, akachovya yote kwenye vanishi na kuianika juani siku mbili. Nilimwomba atoe ncha za ziada kwenye volti 190 na 210. Kwake ilikuwa kazi ya dakika chache, na mimi ziliniokoa, maana 200 ilizidi kidogo na sasa natumia 190.

Kuna njia rahisi ambayo ningeijua mapema nisingepoteza miezi saba. Nunua transfoma mbili za kawaida za 230 kwenda 12, ya kwanza ya VA 100 na ya pili ya VA 60 hivi. Unga pande zao za 12 pamoja. Ya pili itafanya kazi kinyumenyume na kukupa kama volti 190 upande wake wa 230, zikiwa zimetengana na umeme wa TANESCO. Zile 12 za katikati zinawasha nyuzi za EL84 mbili zikiwa mfululizo, na ECC83 imetengenezwa iweze kutumia 12.6 pia. Niliitumia nikisubiri vanishi ikauke, na muziki ulitoka siku hiyohiyo. Kumbuka tu kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kuingiza kidole.

Siku niliyoenda kuchukua kazi yangu, mzee aliniuliza amplifaya yenyewe itatoa wati ngapi. Nikamwambia tano kila upande, nikibahatika. Akanitazama, akaitazama transfoma ya kilo moja na nusu mkononi mwake.

"Haya," akasema, akanipa.