Busta haitaondoa 5G kwenye dishi lako

Swali: Nina nyumba ya wageni Likoni na dishi la futi nane juu ya paa. Tangu mnara wa simu uwashwe mtaa wa pili, picha inagandaganda. Fundi kaniuzia busta, wapi! Hawa watu wa simu wana haki gani kuingilia masafa yangu?

Jibu: Masafa si yako, ndugu yangu. Ni mali ya umma, na mgawaji ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mwenye mnara ana leseni; wewe una dishi. Dishi la kupokea tu, lisilosajiliwa popote, kwa kawaida halina pa kushtakia. Marekani, mnada wa 5G uliomalizika 2021 uliuza masafa ya 3.7 hadi 3.98 GHz kwa zaidi ya dola bilioni 80. Vituo vya setilaiti vilivyokuwa vimesajiliwa vikalipiwa vichujio, yaani vifaa vya kuzuia mawimbi ya 5G yasiingie, na gharama za kuhama. Vingine vikajitegemea.

Sasa hiyo busta. Kila wiki naletewa moja, na kila wiki nauliza: unakuza nini? Soma kibandiko cha LNB yako, kile kipokezi kilicho mbele ya dishi. Nyingi zimeandikwa 3.4–4.2 GHz, na 5G nyingi duniani iko kati ya 3.3 na 3.8. Hata chaneli yako ikiwa 4.0, mbali na masafa ya mnara, LNB inamezwa na kelele na kuziba kote. Mawimbi ya setilaiti yametoka karibu kilomita 36,000, yanafika hoi. Busta huja baada ya LNB, hukuza uharibifu uliokwisha kutokea. Aliyekuuzia ama hajui, ama anajua.

Kinachohitajika ni kichujio cha chuma, kinachofungwa kwa skrubu kati ya ile pembe (faneli ya chuma inayopokea mawimbi mbele ya dishi) na LNB, si kwenye waya. Chaneli ikiwa 3.5 yenyewe, hakitasaidia. Kabla ya kutoa pesa, shusha dishi paani, liweke pale ambapo ukuta unakukinga na mnara, mradi upande wa setilaiti uko wazi. Na usikimbilie dishi dogo la Ku, linalotumia masafa ya juu zaidi yanayodhoofishwa na mvua, bila kufikiria mvua za masika.

Mafundi hao hao wanauza pia busta za simu. Hizo ni hatari zaidi kwa sababu zinarusha mawimbi, na ikiwa haijaidhinishwa na Mamlaka, atakayetafutwa ni mwenye paa.