Kabla hujaandika `await` nyingine

Vijana waliojiunga nasi mwaka huu ni wazuri kweli. Wanasoma, wanauliza, wanakaa na kazi hadi iishe. Ndiyo maana inaniuma nikifungua msimbo wao na kukuta makosa yale yale ya waliowatangulia. Maoni haya nimeyaandika kando ya mistari mingi mno, nikaona heri niyaweke mahali pamoja. Nachukulia unatumia Node (JavaScript ya upande wa seva), Promise unaijua, yaani ahadi ya jibu litakalokuja baadaye ambalo `await` hulisubiri, na umewahi kukutana na Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu yako na M-Pesa. Kama bado, ukiwa unajenga tovuti Nairobi hii, utakutana nayo tu.

1. `forEach` haimsubiri mtu. Ukiiwekea `async` ndani, inaanzisha kazi zote na kuondoka, na mstari unaofuata unaandika "barua pepe zote zimetumwa" wakati hakuna hata moja iliyotoka. Tumia `for...of` ukitaka zifuatane, au `map` ndani ya `Promise.all` ukitaka ziende pamoja.

Kwa ambaye kitanzi cha matukio (event loop, namna Node inavyopokezana kazi) bado kinamchanganya, mtazame makanga wa matatu ya Rongai. Yeye ni mmoja, abiria ni gari zima. Ukimpa noti ya elfu hasimami mbele yako mpaka chenji ipatikane. Anaipokea, anakwambia "yako inakuja", anaendelea na nauli za viti vya nyuma, na chenji ikipatikana anakurudia. Promise ni hiyo chenji unayodai. Aliyesahau `await` ameshuka Bomas bila chenji yake. Na anayeita `readFileSync` au `bcrypt.hashSync`, zile zinazosimamisha kila kitu hadi ziishe, katikati ya ombi la mteja amemshika makanga shati, gari zima linamngoja yeye. Msimbo wako wa JavaScript unaendeshwa na uzi (thread) mmoja. Nyuma yake libuv, maktaba iliyo ndani ya Node, ina nyuzi nyingine za kushughulikia faili na baadhi ya hesabu za siri, lakini usipozibadilisha ni nne tu.

2. Usisubiri kwa zamu vitu visivyotegemeana. Wasifu wa mteja, oda zake na salio lake, kila kimoja kikichukua milisekunde 200, ukiviita kimoja baada ya kingine ni 600. Ukiviita pamoja ni 200 na ushei. Ila usitoke hapo ukaenda kurusha wateja elfu tano ndani ya `Promise.all` moja. Maktaba ya `pg`, inayounganisha Node na hifadhidata ya PostgreSQL, inakupa miunganisho kumi usipoiambia vinginevyo. Waliobaki watapanga foleni na utakuja kuniambia PostgreSQL ni nzito. Wagawe kwa mafungu. Na kama ombi moja likikosea hutaki kupoteza majibu ya mengine, `Promise.allSettled` ipo tangu 2020.

3. Makosa. Tangu Node 15, Promise ikikataliwa na hakuna wa kuipokea, mchakato mzima unaanguka. Ni vizuri hivyo, zamani ungepata onyo tu na kuendelea kama vile mambo ni shwari. Express 4, ile maktaba ya kujengea seva, haikamati kosa linalotoka kwenye kishughulikiaji (handler) cha `async`, kwa hiyo mchakato unaanguka vivyo hivyo, na kwenye Node za zamani mteja alibaki akitazama duara linazunguka. Express 5 inalikamata. `fetch` haikatai ikipata 500, angalia `ok` mwenyewe. Na ndani ya `try`, andika `return await`, si `return` peke yake, la sivyo `catch` yako iko pale kwa urembo.

4. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna timu niliyokuwa nayo, tulijenga mfumo wa kuuza tiketi za tamasha. Ukumbi ulikuwa na viti vyenye hesabu yake, na tiketi zilitangazwa kwamba zitafunguliwa saa sita mchana. Kishughulikiaji cha malipo kilikuwa kisafi, ukikisoma toka juu hadi chini unakipitisha, na tulikipitisha. Malipo yakithibitishwa: soma kwenye hifadhidata tiketi zilizobaki. Zikiwa zaidi ya sifuri, `await` tengeneza tiketi ya PDF na kuihifadhi. Kisha `await` andika idadi mpya, yaani ile uliyoisoma ukitoa moja. Mistari mitatu.

Majaribio yalipita yote, kwa sababu kila aliyejaribu alinunua peke yake, amekaa ofisini na simu yake mkononi. Hakuna aliyefikiria kuwaambia watu wote ofisini wabonyeze kwa pamoja. Na mtu alipouliza kama malipo mawili yanaweza kugongana, jibu lilitoka haraka na kwa kujiamini: JavaScript ina uzi mmoja, vitu haviwezi kugongana.

Vinaweza. Malipo ya Wanjiku yanasoma: zimebaki arobaini. Yanafika kwenye `await` ya PDF, yanasimama. Wakati yamesimama, malipo ya Otieno yanaingia, nayo yanasoma arobaini, maana hakuna aliyebadilisha kitu. PDF ya Wanjiku inakamilika, anaandika thelathini na tisa. Ya Otieno inakamilika, naye anaandika thelathini na tisa. Tiketi mbili zimetoka, hesabu imeshuka moja. Uzi mmoja unakuhakikishia kwamba kati ya `await` na `await` hakuna atakayekuingilia. Kwenye `await` yenyewe, shughuli yako inasimama na za wenzako zinaendelea, na ulichokisoma kabla yake kimeshakuwa habari ya zamani ukirudi.

Saa sita ilipofika watu waliingia kwa kishindo, tukafurahi. Seva haikuyumba. Kwenye logi hakukuwa na kosa hata moja, kwa sababu kwa macho ya kompyuta hakuna kosa lililotendeka. Tulijua siku ya tamasha yenyewe, mwenye shughuli alipopiga simu na kusema ukumbi umejaa na nje bado kuna foleni.

Tulienda getini. Kulikuwa na watu waliotoka Thika na Machakos, waliokuja na watoto, waliovalia kwa ajili ya siku hiyo. Kila mmoja alikuwa na ujumbe wa M-Pesa na tiketi halali iliyotolewa na mfumo wetu. Mama mmoja alinisogezea simu yake karibu na uso, akaniwekea kidole kwenye namba ya risiti. "Kijana, pesa mmepokea. Kiti changu kiko wapi?" Hakupiga kelele. Nilimpa pole, na pole haikaliwi.

Pesa zilirudishwa mtu mmoja mmoja, na kila aliyepigiwa simu alitaka kuelezwa upya. Tulipoketi kutafuta chanzo tuliipekua mitandao, tukaipekua Daraja, tukaipekua hifadhidata, tukitafuta wa kulaumiwa, kabla ya kurudi kwenye mistari yetu mitatu.

Dawa yake ni kuiachia hifadhidata kazi ya kuhesabu, kusoma na kuandika kwa pigo moja:

`UPDATE tiketi SET zilizobaki = zilizobaki - 1 WHERE id = $1 AND zilizobaki > 0`

Kisha uliza safu ngapi zimebadilika. Ikiwa moja, umepata kiti. Ikiwa sifuri, zimeisha. Wanjiku na Otieno wakifika pamoja, PostgreSQL inamfungia mmoja hadi wa kwanza amalize, halafu inaliangalia sharti upya kwa wa pili. Na hatua hii ifanyike kabla ya kumwomba mteja pesa, si baada: shika kiti kwanza, tuma STK Push (lile ombi la M-Pesa linalojitokeza kwenye simu ya mteja aweke PIN), malipo yasipokamilika kirudishe. Kila mara nikiona `await` katikati ya kusoma idadi na kuiandika, iwe stoku ya duka, salio la pochi au vocha, namwona yule mama. Naomba mnielewe ninapokataa kupitisha.

5. Tukiwa bado kwa STK Push. `ResponseCode` ya 0 inayorudi papo hapo maana yake ombi limepokelewa. Simu ya mteja pengine hata haijawaka. Jibu lenyewe linakuja baadaye kwenye `CallBackURL` yako, anwani ya seva yako uliyoipa Daraja, na humo ndani ni `ResultCode` inayosema kweli: 0 amelipa, 1 hana salio la kutosha, 1032 ameghairi, 1037 hakupatikana. Kijana wetu mmoja alikuwa anatoa bidhaa kwa ile ya kwanza. Tulimkuta kabla haijafika kwa wateja, tukanywa chai tukacheka, lakini nusura.

6. Tokeni ya Daraja, kibali cha kuitumia, inaishi sekunde 3599. Ihifadhi, usiiombe upya kwa kila malipo.

7. Kila ombi linalotoka nje ya seva yako lipe kikomo cha muda, `AbortSignal.timeout` inatosha.

8. Jibu la malipo likifika kwenye seva yako, liandike, rudisha 200, kisha kazi nyingine kama PDF na barua pepe zipeleke kwenye foleni. Weka sharti la upekee kwenye `CheckoutRequestID`, namba inayotambulisha kila ombi la malipo, ili jibu likija mara mbili mteja asipewe vitu viwili. Jibu lisipokuja kabisa, usimwache mteja anazunguka wala usikirudishe kiti kwa kukisia tu. Uliza mwenyewe kupitia `stkpushquery` ya Daraja, ukipata jibu la hakika ndipo ukiachilie, na huko kuachilia nako kuwe ni `UPDATE` moja yenye sharti kwamba kiti bado kimeshikwa, kwa sababu jibu la malipo linaweza kuingia sekunde ile ile unayouliza.