Kurekebisha nyumba kwa ajili ya mgonjwa wa kiti mwendo: hela zipo, ila haziitwi hivyo

Mkuu, pole sana kwa kuuguza. Kwa nilivyokuelewa, mzee ni mwalimu mstaafu, kiharusi kimempiga upande wa kulia, nyumba yake ya Uyole, hapa Mbeya, ina ngazi mlangoni na choo kiko uani, nawe unauliza kama kuna mfuko wa serikali wa kusaidia kuirekebisha. Wadau wawili hapo juu wamekujibu "nenda TASAF" (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na "halmashauri kuna asilimia mbili", wakaishia hapo. Ngoja nikuongezee nyama, maana sisi wa Itiji, mtaa wa mlimani hapahapa Mbeya, tumepita humohumo na kaka yangu. Alikuwa utingo wa malori ya Tunduma, akaumia uti wa mgongo kazini.

Mfuko wa umma ambao unajaza fomu unapewa hela ya rampu (njia ya mteremko badala ya ngazi) na choo, hatuna. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Chumbani kwa mzee wako haiendi na mfuko wa saruji. Ndiyo maana ukifika ofisi yoyote ukasema "naomba msaada wa kurekebisha nyumba" utaambiwa hakuna, na hawakudanganyi.

Aliyetufungua macho ni ofisa ustawi wa jamii mmoja, mama mtu mzima. Alinisikiliza weee, kisha akaniambia: "Mwanangu, hela ya kujenga nyumba ya mtu sina. Nenda kaandike kila kitu peke yake, halafu tuone kipi kinaingia wapi." Nikarudi kwa fundi, tukakaa na daftari. Rampu peke yake: kokoto, mchanga, saruji, ufundi. Mlango peke yake. Choo peke yake. Vyuma vya kushikia peke yake. Ile karatasi ya fundi ndiyo iliyotuletea kila kitu, kwa sababu mtu anayeshindwa kukupa milioni anaweza kukupa mifuko minne ya saruji, na ofisi isiyoruhusiwa kukupa saruji inaweza kukupa kiti mwendo.

Kabla ya karatasi ya fundi, tafuta karatasi ya hospitali. Kama mzee anafanya mazoezi hospitali ya rufaa pale Mbeya, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia aandike anachoweza na asichoweza: hapandi ngazi, anasimama akishika kitu, anahitaji choo cha kukaa. Iwe na muhuri. Hospitali za rufaa zina dawati la ustawi wa jamii pia, lipitie kabla hujaanza kuzunguka mtaani. Halafu barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa, ipande kwa mtendaji wa kata, ndipo uende ustawi wa halmashauri. Toa nakala za kutosha, kila meza itataka yake.

Sasa tuje kwenye hayo mawili uliyotajiwa.

TASAF, huo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, huendi kuomba kama unaomba mkopo. Kaya zinaibuliwa kwenye mkutano wa mtaa, kisha zinahakikiwa. Mzee mwenye pensheni sioni akipita, na sidhani kama ni haki tumpigie debe wakati jirani yake hana hata hiyo. Kwa wasomaji wengine ambao kaya zao zipo kwenye mpango: ile ruzuku ni ndogo, ya chakula na shule, usiipigie hesabu ya zege.

Asilimia mbili ni kweli ipo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba, siyo sadaka, na ni wa biashara. Ukiandika kwamba unataka kujenga choo, barua inarudi. Ila soma hapa vizuri. Kaka yangu aliombea duka dogo la barazani, vocha na uwakala wa kutuma pesa, na dukani hapo ndipo anapokaa kutwa. Mchanganuo wa biashara ulionyesha wazi meza ya kimo chake na njia ya kuingilia na kiti mwendo, kwa sababu bila njia hiyo hakuna biashara. Hatukumficha mtu. Njia ya dukani ndiyo njia ya sebuleni, basi. Kama mzee ana nguvu ya kusimamia kitu kidogo hapo nyumbani, fikirieni hivyo. Kama hana, msimbebeshe deni la bure.

Kwa mwalimu mstaafu mimi ningeanza kwingine kabisa: SACCOS yake ya zamani, yaani chama cha akiba na mikopo. Walimu wengi wanastaafu na kuacha hisa au akiba humo, wanasahau au wanaona ni kidogo. Mwulize alikuwa mwanachama wa ipi. Akiba yake tu inaweza kumaliza choo. Benki nazo zina mikopo ya wastaafu inayokatwa kwenye pensheni. Hapo uliza mapema ukomo wa umri, na piga hesabu ya kitakachobaki kila mwezi baada ya makato, maana dawa za presha hazisubiri. Na tafadhali, wale vijana wa kausha damu, mikopo ya riba ya kuumiza, wanaopita Mwanjelwa na daftari, usiwakaribishe hata chai. Nimeona familia ikirekebisha choo halafu ikauza friji, televisheni na mabati.

Kwa mwingine atakayefika kwenye uzi huu na mgonjwa wake aliumia kazini: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria yake ni ya 2008. Dai lifikishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, usimsubiri bosi "akae sawa". Bosi wa kaka alikuwa anatuambia kila wiki faili liko njiani, tukalifuatilia wenyewe. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 analipwa pensheni ya kila mwezi, chini ya hapo anapewa mkupuo, yaani hela yote mara moja. Kuna matibabu na utengamao (mazoezi na huduma za kumrudisha kwenye shughuli zake), na kwa asiyeweza kujihudumia yapo malipo ya msaidizi. Hela hiyo ikishaingia mkononi hakuna anayekuuliza umenunulia nini. Sehemu ya zege letu ilitoka humo. Na aliyegongwa na gari au bodaboda barabarani, bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria kwa kila chombo, kwa hiyo shika PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ripoti ya polisi na namba ya usajili, ukadai kwa kampuni ya bima. Wakikuzungusha, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya.

Kilichobaki kilitoka kwa watu. Sisi Watanzania kwa kamati ya harusi hatujambo, kwa msiba ndiyo usiseme, lakini ukiunda kundi la WhatsApp la mchango wa choo watu wanaona kama utani. Kwa hiyo hatukuomba hela. Tulibandika orodha ya fundi kwenye kundi la ukoo, kila mtu akachagua kitu na kuandika jina mbele yake. Shangazi alichukua kokoto. Binamu yetu wa Mafinga akaleta mbao. Vijana wa jumuiya kanisani wakaja Jumamosi kusomba mchanga na kukoroga zege, maana lori haliwezi kupanda hadi kwetu, wanaoijua Itiji wanajua. Kanisa lenyewe lilitoa pia, baada ya mzee wa kanisa kuja kuona kwa macho yake kaka anavyobebwa mgongoni kwenda chooni na mvua inanyesha.

Sasa kuhusu ufundi, kwa sababu hapa hela nyingi zinapotea. Rampu: kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi zetu tatu zilikuwa na kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mita 5.4, na uwanja ulikuwa mfupi kuliko hapo. Fundi wa kwanza alitaka kuisimamisha iwe fupi, akasema "atasukumwa". Tukamkataa. Wa pili akaikunja kona, akaacha sehemu bapa ya kupumzikia katikati, na akaichanja juu kwa ufagio wa chelewa zege likiwa bado bichi ili matairi yashike, kwa sababu mvua za Mbeya kuanzia Novemba hadi Aprili hazina mchezo. Pembeni weka ukingo mdogo, gurudumu lisitoke.

Mlango usikimbilie kuuvunja. Kiti cha kaka kilikuwa kinagota kwa vidole viwili tu. Tulichofanya ni kung'oa ubao wa mlango wa chumbani na bawaba zake, tukatundika pazia zito. Gharama yake ni pazia. Wa choo tuliugeuza ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani mlango unaofungukia ndani anauziba kwa mwili wake.

Vyuma vya kushikia: bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu), wachomeleaji wa SIDO, pale kwenye viwanda vidogo, wanakukunjia kwa kipimo. Lakini nyumba nyingi huku ni za tofali la kuchoma, na ukipiga skrubu za kawaida mzee akijivuta mara ya kwanza chuma kinatoka na plasta. Fundi apitishe bolti hadi upande wa pili wa ukuta, aweke kipande cha bati nene huko nyuma kabla ya kukaza nati. Na kwa kuwa mzee ni dhaifu upande wa kulia, chuma kiwe kushoto kwake akiwa ameketi. Fundi hatauliza, mwambie wewe.

Kama huna hela ya kuhamishia choo ndani sasa hivi, kata tundu kwenye kiti imara cha mbao, kiwekwe juu ya lile sinki la kuchuchumaa. Usiku tumieni ndoo yenye mfuniko chumbani, baridi la Juni Uyole siyo la kumtoa mgonjwa nje.

Kwa mlio Iringa, fikeni Neema Crafts. Ni karakana iliyoanza 2003 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha na wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu. Siyo kwa ajili ya kuomba. Nendeni mkaone jinsi watu wanavyozunguka na viti vyao kazini, mtarudi na mawazo kuliko ya fundi yeyote.

Ukiniuliza uanze na kipi, anza na choo. Ngazi mtambeba kwa muda, choo anakihitaji kila siku na ndicho kinachomwumiza moyo mzee aliyezoea kujitegemea. Pima kimo cha hizo ngazi, upana wa mlango wa nje na urefu wa uwanja hadi kwenye uzio, weka hapa na picha, tukusaidie kukadiria rampu kabla hujamwita fundi.