Maswali ya Wasomaji: Kibodi Fupi za IBM

SWALI: Muuza kompyuta za mtumba Kariakoo ana kibodi mbili za IBM zisizo na upande wa namba. Nyuma zote zimeandikwa Model M. Moja inalia tak-tak, nyingine kimya. Anasema ni kitu kimoja, ila ile kimya imechakaa. Bei ni sawa. Nichukue ipi?
Msomaji, Sinza

JIBU: Ile kimya haijachakaa, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Jina Model M lilibandikwa kwenye kibodi nyingi ambazo kwa ndani hazifanani kabisa.

Inayolia yaelekea ni Space Saving Keyboard, iliyoanza kutoka mwaka 1987. Ya mpangilio wa Kimarekani ina namba 1391472 kwenye lebo ya nyuma. Ni Model M ya kawaida ya vitufe 101 iliyoondolewa vile 17 vya namba, ikabaki na 84. Chini ya kila kitufe kuna springi. Ukibonyeza, springi inapinda kwa ghafla na kugonga ukuta wa kitundu chake, papo hapo kibao kidogo cha plastiki kinakandamiza karatasi za umeme (tabaka nyembamba za plastiki zenye njia za umeme) zilizo chini. Kwa hiyo kidole kinajua herufi imeingia, na hilo ndilo watu wanalolipia.

Ya kimya huenda ni M4 au M4-1, ambazo ndani zina mpira badala ya springi. M4-1 ina kijiti cha kusogezea kishale kati ya G, H na B. Ni nyepesi na si mbaya, lakini kwa bei ileile usiichukue.

Usitoe hela kabla ya kung'oa kifuniko cha kitufe kimoja kwa ncha ya bisibisi bapa. Ukikuta springi, iangalie kutu. Hewa yetu ya pwani haiachi chuma salama. Kisha inamisha kibodi huku na huku, taratibu. Ukisikia punje zinaviringika ndani, hivyo ni vichwa vilivyokatika vya riveti, vijiti vya plastiki vinavyoshika bamba la chuma la nyuma, na hapo una haki ya kushusha bei. Angalia na waya. Za mwanzo zina waya wa kuchomoa wenye kichwa cha SDL (aina ya plagi ya upande wa kibodi), ambacho hakipatikani kwenye duka la kawaida. Kama haupo, shusha bei tena.

SWALI: Safu nzima ya herufi kwenye Space Saving yangu imekuwa laini, vingine havilii, vingine havichapi. Fundi anataka kubadilisha karatasi za umeme.
Msomaji, Mbezi

JIBU: Mwambie asubiri. Bamba la chuma la nyuma limeshikwa kwa riveti za plastiki, nazo zikizeeka hukatika. Bamba likiachia, vile vibao havifiki kwenye karatasi ipasavyo. Dawa ni kuweka skrubu mahali pa riveti.

Skrubu za kasha zimezama sana, zinahitaji soketi ya milimita 5.5 yenye ukuta mwembamba. Soketi nene haiingii. Toa vifuniko vyote, laza fremu upande wa vitufe ukiwa chini, kisha kata vichwa vya riveti vilivyosalia kwa patasi kali. Ukiinua bamba fremu ikiwa imegeuzwa vingine, springi na vibao vyake vitamwagika sakafuni. Toboa kwa ncha ya milimita 1.5, wima na bila haraka, maana ncha nyembamba hivyo hukatika upesi. Tumia skrubu za M2 (unene wa milimita 2) zenye urefu wa milimita 8, nati zikae upande wa chuma. Anza katikati ukielekea pembeni na usikaze hadi mwisho: karatasi zikibanwa mno, herufi hujichapa zenyewe.

Kurudisha vifuniko, simamisha kibodi wima, spesi ikiwa juu. Springi zitakaa mahali pake. Kitufe kisicholia baada ya hapo kitoe ukirudishe. Mara nyingi springi yake imelala vibaya tu.

SWALI: Nimechomeka Space Saving yangu kwa kile kiadapta kidogo cha PS/2 (plagi ya duara ya kibodi za zamani) kwenda USB, haijawaka. Imekufa?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Si lazima. Kiadapta hicho hubadilisha umbo la plagi tu, na kibodi hii haijui lugha ya USB. Nunua chenye saketi ndani, kile chenye kawaya na matundu mawili ya PS/2. Vya bei ya chini kabisa huenda visitoe umeme wa kutosha, kwa kuwa Model M za zamani zinakula umeme mwingi: taa zinawaka mara moja kisha zinazimika. Ukiichomeka kwenye tundu halisi la PS/2, zima kompyuta kwanza.

Kitufe cha Windows hakipo. Ctrl na Esc kwa pamoja hufungua menyu ileile. Ukitaka springi, USB na kitufe hicho vyote kwa pamoja, Unicomp ya Marekani, iliyorithi utengenezaji wa kibodi hizi mwaka 1996, ilitoa Mini M mwaka 2021. Nayo imefungwa kwa riveti za plastiki.